Anayeanza kuchora aanze na machweo, ila ayatazame kwanza

Hakuna mandhari iliyochorwa kupita kiasi katika Afrika Mashariki kama machweo. Ingia katika maduka ya vinyago ya Mji Mkongwe, Arusha au Nairobi, utaikuta picha ile ile: jua jekundu la duara, anga la rangi ya chungwa tangu juu hadi chini, mgunga mmoja mweusi wenye kichwa bapa, na twiga au Mmasai mwenye mkuki amesimama pembeni. Video nyingi za kuwafundisha watu kuchora kwa rangi za maji nazo huwapeleka huko huko, zikiwaahidi picha ya kutundika ukutani ndani ya nusu saa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wachoraji waliobobea wamelidharau somo hili na kuliona la watalii na watoto. Nadhani pande zote mbili zimekosea. Kwa mtu anayeshika brashi ya rangi za maji kwa mara ya kwanza, machweo ni somo la kuanzia lililo bora kuliko mengine, lakini kwa sharti moja: achore anga aliloliona mwenyewe, mahali anapoishi, si anga alilonakili kutoka kwenye picha ya mwingine. Sharti hilo likivunjwa, somo zima linabaki kuwa zoezi la mkono, na macho hayajifunzi kitu.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi, na gundi iliyotumika kwa karne nyingi ni utomvu wa migunga, ambao Sudan ndiyo mzalishaji wake mkuu duniani. Utomvu huo huyeyuka majini, na ukikauka huacha tabaka jembamba linalopitisha mwanga. Mwanga hupenya tabaka hilo, hugonga karatasi iliyo chini yake, kisha hurudi machoni ukiwa umechukua rangi. Hapo ndipo inapotoka kanuni inayozitenga rangi za maji na rangi za mafuta au za akriliki: weupe wa picha ni weupe wa karatasi. Sehemu yenye mwanga haiongezwi mwishoni kwa kupaka nyeupe juu ya nyeusi; huachwa tangu mwanzo. Mchoraji huanza na rangi hafifu na kumalizia na nzito, na akiuvuruga mpangilio huo hana njia nzuri ya kurudi nyuma.

Sasa litazame anga la magharibi jua linapotua. Mwanga mwingi uko chini, karibu na jua. Kadiri jicho linavyopanda ndivyo rangi inavyozidi kukolea, hadi kufika kwenye bluu nzito ya utosini. Nchi iliyo chini ya upeo, iwe kilima, minazi au mabati ya nyumba, ndiyo nzito kupita vyote. Yaani mandhari hii imejipanga yenyewe kwa mpangilio ule ule unaodaiwa na rangi za maji: hafifu kwanza, nzito baadaye, nzito kabisa mwishoni. Uso wa mtu haujipangi hivyo. Soko la mboga saa tano asubuhi lina mamia ya vipande vidogo vya mwanga na kivuli vilivyotawanyika kila upande, na anayeanza atapaswa kuamua juu ya kila kimoja kabla ya kulowesha brashi. Atashindwa, na hatajua ameshindwa wapi. Kwenye machweo maamuzi ni machache, na kosa huonekana palipotokea.

Mpangilio huo wa rangi una sababu, na sababu hiyo inamfaa mchoraji kuliko orodha ya maelekezo. Mwanga wa jua umebeba rangi zote. Unapopita hewani, chembe za hewa hutawanya bluu zaidi kuliko nyekundu, na ndiyo maana anga la mchana ni la bluu. Jua likiwa utosini mwanga wake hupita katika hewa kidogo; likiwa kwenye upeo hupita katika hewa iliyo nyingi zaidi ya mara 30. Bluu hutawanywa karibu yote njiani, na kinachotufikia ni njano, chungwa na nyekundu. Kwa hiyo, kutoka kwenye jua kwenda juu, mara nyingi utaona njano, kisha chungwa, kisha waridi, kisha zambarau hafifu, ndipo bluu. Anayeanza akiutambua mfuatano huu amepata dawa ya kosa linaloharibu picha nyingi za kwanza, yaani ukanda wa kijani katikati ya anga. Njano na bluu zikikutana kwenye karatasi iliyolowa huzaa kijani, hazina hiari. Video itamwambia mwanafunzi asiziache zikutane. Anga litamwonyesha kinachokaa kati yake: waridi. Akiishusha bluu kutoka juu na kuikomesha kwenye waridi, atapata zambarau. Kwa tukio hilo moja amejifunza kanuni ya kuchanganya rangi itakayomfaa katika kila picha atakayochora baadaye. Rangi tatu zinamtosha: njano, nyekundu inayoelekea waridi, na bluu. Hata mchanganyiko wa zote tatu, ambao ukimwagika angani huonekana matope, chini ya upeo ndio unaompa rangi ya kilima.

Somo la pili ni la maji na kusubiri. Anga huchorwa karatasi ikiwa imeloweshwa, ili rangi ziingiane bila mistari. Nchi huchorwa karatasi ikiwa imekauka, ili ukingo wa kilima ukatike sawasawa. Baina ya hatua hizo mbili kuna muda ambao mchoraji hapaswi kufanya lolote, na muda huo ndio unaowashinda wengi. Akigusa karatasi iliyokauka nusu kwa brashi yenye maji mengi, maji husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za kujikunja. Akiweka kilima kabla anga halijakauka, kilima hupanda mbinguni. Isitoshe, rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo anga linaloonekana sawa likiwa bichi litakuwa dhaifu likikauka. Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma. Yanahitaji picha rahisi inayoweza kurudiwa mara nyingi, yenye hatua zisizozidi mbili tatu, na machweo yanazo sifa hizo zote.

Mpaka hapo mtu anaweza kuuliza: kama faida iko kwenye mfuatano wa rangi na kiasi cha maji, kuna ubaya gani kunakili? Jibu linaanzia kwenye ramani. Picha inayonakiliwa sana katika pwani yetu ni ya jua likizama baharini, nyuma ya dau lenye tanga. Mji Mkongwe wa Zanzibar unaliona jua hilo kweli, kwa sababu uko upande wa magharibi wa Unguja. Lakini pwani ya Dar es Salaam na ya Mombasa inatazama mashariki. Huko jua huchomoza baharini na kutua bara, nyuma ya majengo na minazi. Mtoto wa Mombasa anayechora jua likizama katika Bahari ya Hindi amechora kitu ambacho ufuo wa kwao haujawahi kukiona. Kisumu jua hutua upande wa Ghuba ya Winam, majini. Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria, huchomoza majini. Kigoma na Bujumbura jua halifiki kwenye maji hata kidogo, hutua nyuma ya milima ya Kongo, na ziwa hubaki na mwanga wa anga baada ya jua lenyewe kupotea. Haya ni machweo tofauti, yenye mipangilio tofauti ya rangi, na kila moja linadai uamuzi wake kwenye karatasi.

Tena aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hajapunjwa. Akilipa jua kisogo na kutazama baharini mara tu linapotua, anga likiwa safi, ataona ukanda wa bluu ya kijivu ukiinuka taratibu kutoka kwenye upeo, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikianguka angani. Ni mandhari tulivu, yenye rangi hafifu zinazoendana barabara na tabia ya rangi za maji, na haina jua kali la kuumiza macho. Ni nadra kuikuta katika picha za madukani, kwa kuwa mnakili hutafuta machweo kule alikoambiwa yapo.

Kwamba jicho la mchoraji anayetazama linaweza kuaminiwa, historia inao ushahidi. Volkano ya Krakatoa ilipolipuka Agosti 1883 katika visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia, vumbi na gesi zake zilienea angani duniani kote, na machweo ya miezi iliyofuata yakawa na wekundu usio wa kawaida. Mjini London, mchoraji William Ascroft alikaa kando ya mto Thames jioni baada ya jioni akichora anga kwa chaki za rangi, kwa haraka, bila kujali uzuri wa kazi. Alikusanya michoro zaidi ya 500, na baadhi yake iliingia katika ripoti ya wanasayansi wa Royal Society iliyochapishwa mwaka 1888. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Christos Zerefos wa Ugiriki walichapisha uchunguzi wa picha za machweo zilizochorwa kati ya mwaka 1500 na 1900. Walipopima uwiano wa wekundu na ukijani katika picha hizo, waliona kuwa ulibadilika kulingana na milipuko ya volkano. Miongoni mwa wachoraji waliochunguzwa ni Mwingereza J. M. W. Turner, bingwa wa rangi za maji aliyefariki mwaka 1851. Wachoraji hao hawakuwa wakipima hewa. Walikuwa wakitazama, na kutazama kwao kukawa kumbukumbu. Machweo ya kunakili hayawezi kutoa ushahidi wa namna hiyo, maana hayana tarehe wala mahali.

Pingamizi la kwanza ni la muda, na lina uzito hasa kwetu. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse upeo hadi lipotee ni kama dakika mbili tu, na mwangaza wa kutosha kuona rangi vizuri hudumu dakika ishirini na kidogo. London katikati ya mwaka muda huo huzidi dakika 40. Mtu atasema: kwa dakika hizo anayeanza hata karatasi hajailowesha, si bora apige picha kwa simu, akachore nyumbani kwa utulivu? Shida ni kwamba simu huamua kwa niaba yake. Ikilenga anga, nchi yote hugeuka nyeusi. Ikilenga nchi, anga hufubaa. Na simu nyingi hukoleza rangi ili picha ivutie. Ule mgunga mweusi tii wa madukani ni mgunga wa kamera. Jicho la mtu aliyesimama pale huona kijani kizito, kahawia na zambarau ndani ya kivuli. Dawa ya ufupi wa muda ni kupunguza kazi. Jioni ya kwanza atazame tu, aandike kwa penseli mfuatano wa rangi na mahali upeo ulipokata. Jioni ya pili aende na karatasi yenye ukubwa wa kiganja, iliyokwisha kuloweshwa, na rangi zilizokwisha kuyeyushwa. Simu imsaidie kukumbuka umbo la kilima. Rangi azitoe kwenye maandishi yake. Tahadhari moja haina mjadala: jua likiwa bado kali lisitazamwe moja kwa moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa walimu: rangi za maji hazifutiki, basi ni ukatili kumpa mwanafunzi kitu kisichosamehe; aanze na penseli au rangi nzito zinazofunika makosa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama lengo la picha ya kwanza lingekuwa ni kupata picha nzuri. Lengo ni kujua kilichotokea na kwa nini. Rangi inayofunika kosa huficha pia sababu yake, ilhali doa la maji angani linamweleza mwanafunzi waziwazi kwamba aligusa mapema mno. Na kwa kuwa zoezi la machweo ni dogo, hasara ya kukosea ni kipande cha karatasi na robo saa. Kinachofanya rangi za maji zionekane katili ni desturi ya kumpa anayeanza karatasi kubwa na kumtaka atoke na kazi ya kutundikwa. Hapo hata bingwa angetetemeka.

La tatu ni gharama, na hapa lazima tuseme ukweli wote. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, haifai. Ikilowa hujikunja, maji hutuama kwenye mabonde yake, na mwanafunzi hujilaumu kwa kosa la karatasi. Karatasi ya rangi za maji ina gramu 300, na bei yake inauma. Manila inayouzwa kwa ajili ya shule ni nafuu na hustahimili maji kidogo, ingawa haivumilii kusuguliwa. Lakini hesabu ya watu wengi imepinduka: hununua boksi la rangi 24 na brashi kumi, kisha huchora kwenye karatasi ya daftari. Wangenunua rangi tatu, brashi moja nene yenye ncha, na karatasi moja kubwa ya gramu 300. Karatasi ya sentimita 56 kwa 76 hukatwa vipande 16 vinavyokaribia nusu ya A4, na kila kipande kina pande mbili. Hayo ni mazoezi 32. Kisahani cheupe cha jikoni kinatosha kuchanganyia rangi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa zilizouzwa madukani kwa matumizi mengine, akazipaka kwenye vipande vya hadibodi. Hakusubiri duka la vifaa vya sanaa lifunguliwe.

Kumtaja Tingatinga kunaamsha pingamizi la nne, ambalo ndilo gumu zaidi. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake walijifunza kwa kukaa kando ya mwalimu na kuiga mkono wake, na kutoka hapo ikazaliwa sanaa inayotambulika duniani na inayolisha familia nyingi. Basi kunakili kuna kosa gani? Sikatai kwamba kuiga hufundisha. Humfundisha mtu kushika brashi, kukadiria maji, kuvuta mstari bila kutetemeka. Lakini mkondo wa Tingatinga ulianza na mtu aliyekuwa na lake la kusema kuhusu wanyama na ndege, na waliomfuata waliotajika ni wale walioongeza chao. Aliyenakili machweo ya madukani hana mwalimu wa kumwambia kwa nini rangi hii imekaa hapa, kwa kuwa aliyechora picha hiyo huenda naye alinakili. Aige mbinu, basi; anga alichukue nje. Soko nalo lisitutishe. Picha ya mgunga na twiga ina washindani maelfu wenye bei ya chini, wakati picha ya jioni ya Kigoma iliyotazamwa vizuri haina wengi wa kushindana nayo.

Yote haya yanatufikisha darasani. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 umeipa sanaa nafasi rasmi tangu madarasa ya chini, na unahimiza mwanafunzi atende badala ya kukariri. Nafasi hiyo itapotea kama mwalimu atachora jua ubaoni na watoto 50 wakalirudia. Watatoka na picha 50 zinazofanana, na atakayepewa alama za juu ni aliyefanana zaidi na ubao. Mfano bora upo: mchoraji John Constable, alipochora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya nyingi ya kazi hizo tarehe, saa na hali ya hewa. Desturi hiyo haigharimu kitu, na inampa mwalimu kipimo cha haki: asome kwanza yaliyo nyuma ya karatasi, kisha ageuze aone kama picha inakubaliana nayo. Mtoto aliyeandika kwamba leo kulikuwa na vumbi na anga lilikuwa la kijivu lenye wekundu kidogo, akachora hivyo hivyo, amefaulu, hata kama kilima chake kimepinda.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Wiki hii nunua rangi tatu, brashi moja na karatasi moja nzuri, uikate vipande. Usifungue video mpaka umetazama machweo ya kwenu jioni tatu na kuandika ulichokiona. Chora kumi kabla ya kumwonyesha mtu hata moja, na nyuma ya kila moja andika mahali, tarehe na saa. Na kwa walimu wa sanaa: futeni jua lililochorwa ubaoni, mtoe darasa nje saa za jioni inapowezekana, na pasipowezekana mwape watoto kazi ya kutazama wakiwa nyumbani. Anga halina ada, na hakuna shule isiyokuwa nalo.